Umejuaje? Utafiti Unapotoka Chuoni Kwenda kwa Wasikilizaji

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu, wanafunzi wa uzamili na uzamivu, na ninyi wenzangu wa redio na podikasti mliokuja na vipaza sauti vyenu, nawashukuru kwa kunialika.

Mada niliyokabidhiwa ni pana: kufikisha utafiti kwa umma. Naomba ruhusa niifinye. Nitashughulika na swali moja ambalo msikilizaji ana haki ya kujibiwa, nasi tunamkwepa kila siku. Swali lenyewe ni hili: umejuaje?

Sikilizeni podikasti nyingi za vyuo vikuu. Mtangazaji anamkaribisha profesa, anamsomea wasifu mrefu, halafu anamuuliza amegundua nini. Profesa anataja alichogundua, wanashukuriana, muziki unapigwa. Wiki ya pili anakuja profesa mwingine na kusema kinyume chake. Msikilizaji anafanyaje? Anahitimisha kwamba wasomi hawaelewani wenyewe kwa wenyewe, kwa hiyo ni heri abaki na alichokuwa akiamini. Mimi simlaumu. Tumempa majibu mawili bila kumpa kipimo hata kimoja cha kuyapimia.

Kazi hii si mpya. Gresham College ya London imekuwa ikitoa mihadhara ya bure tangu 1597. Haiandikishi wanafunzi wa shahada wala haitoi shahada. Kazi yake ni kufungua mlango na kusomesha anayeingia. Jijini humohumo, mwaka 1825, Royal Institution ilianzisha mihadhara ya Krismasi kwa ajili ya vijana, na hadi leo ingali hai. Aliyeipa sifa ni Michael Faraday, mtoto wa mhunzi, ambaye alisoma shule kidogo tu na akaanzia kazi kwenye karakana ya kujalidi vitabu. Aliiendesha mihadhara hiyo mara 19.

Faraday alichagua kuzungumzia mshumaa, na ninataka tukae naye kidogo, maana ndani yake mna karibu kila kitu ninachotaka kusema leo. Alitaka vijana wajue kwamba mshumaa ukiwaka hutoa maji. Angeweza kutamka sentensi hiyo moja, wakaandika madaftarini, wakaenda nyumbani. Badala yake alichukua chombo chenye barafu, akakiweka juu ya mwali, na matone yakaanza kujikusanya chini ya chombo. Sasa mkaidi mmoja pale nyuma angeweza kuuliza, nani kasema hayo ni maji? Faraday alikwishalifikiria. Alileta kipande cha potasiamu, madini ambayo yakigusa maji huwaka, akakigusisha matone yale. Kikawaka. Mtoto aliyetoka ukumbini hakuwa na haja ya kumwamini Faraday kwa sababu ya jina lake. Alikuwa ameuona ushahidi, na ameona pia jinsi shaka inavyojibiwa.

Mtaniambia: sisi wa podikasti hatuna mshumaa. Msikilizaji wetu anaosha vyombo, anaendesha gari, anatembea. Macho yake yana kazi nyingine. Ni kweli, na ndiyo maana nashangaa tunapomsomea jedwali. Lakini sauti inaweza kusimulia mikono ilifanya nini. Mtafiti akisema, "Tuligundua kwamba watu hawa hulala saa chache", mkatishe hapohapo kwa adabu. Mlipimaje usingizi? Mliwauliza asubuhi walilala saa ngapi, au mliwavalisha kifaa mkononi usiku kucha? Mtu akiulizwa alivyolala hukisia, na makisio yake huegemea upande fulani. Kifaa nacho kina upofu wake: anayelala kimya huku macho wazi kinaweza kumhesabu kuwa amelala. Mazungumzo ya dakika 5 juu ya jambo hilo yanamsaidia msikilizaji kuliko orodha ya matokeo kumi, kwa sababu kesho akisikia habari nyingine ya usingizi atauliza swali lilelile mwenyewe.

Redio ilikwishatufundisha nidhamu ya kubeba wazo moja kwa wakati. BBC ilianzisha mfululizo wa mihadhara ya redio uitwao Reith mwaka 1948, mzungumzaji wa kwanza akiwa mwanafalsafa Bertrand Russell. Mwaka 1979 ilikuwa zamu ya Profesa Ali Mazrui, mzaliwa wa Mombasa. Alikuwa na mihadhara sita na bara zima la kulizungumzia, jambo ambalo lingemshinda mtu asiye na mpango. Alichofanya ni kujenga kila mhadhara juu ya kinzano moja. Wa kwanza, kwa mfano, ulisimama juu ya hili: Afrika ndiyo makazi ya kwanza ya binadamu, lakini kwa maana ya maisha ya kisasa imekuwa ya mwisho kufanywa ikalike sawasawa. Unaweza kukubaliana naye au kumpinga, na wengi walimpinga, lakini huwezi kusahau alichosema. Pande mbili zinazovutana ndizo zilizomshika msikilizaji asibadilishe stesheni.

Sasa tuje kwenye tarakimu, mahali ambapo watu wema huharibu.

Oktoba 2015, shirika la Umoja wa Mataifa la utafiti wa saratani, IARC, lilitangaza kwamba nyama iliyosindikwa, yaani soseji na jamaa zake, husababisha saratani ya utumbo mpana. Liliiweka kwenye Kundi la 1, ambamo tumbaku nayo imo. Vichwa vya habari duniani kote vikaruka: soseji sawa na sigara! Haikuwa hivyo. Makundi yale hupima uthabiti wa ushahidi kwamba kitu fulani husababisha saratani. Hayapimi ukubwa wa hatari yake. Vitu viwili vinaweza kuthibitishwa kwa uhakika uleule, huku kimoja kikiua watu wengi mno kuliko kingine.

Halafu ikaja ile asilimia 18. Kila gramu 50 zinazoliwa kwa siku zinaongeza hatari kwa takriban asilimia 18. Sawa, lakini ni asilimia 18 ya nini? Chukulieni kundi la watu 100 ambao 6 kati yao wangeupata ugonjwa huo maishani kwa hali yoyote. Wote 100 wakila kiasi hicho kila siku, wagonjwa watakuwa 7. Ameongezeka mtu mmoja. Kwa taifa lenye mamilioni ya watu huyo mmoja katika mia si mdogo hata kidogo, na waziri wa afya ana haki ya kukosa usingizi. Kwa mtu mmoja anayeamua aweke nini kwenye sahani yake, picha ni tofauti. Waziri na mlaji wote wawili walihitaji kuelezwa, lakini mara nyingi walipewa asilimia peke yake. Ombi langu kwa watangazaji: mgeni akitaja asilimia, usimwachie hadi akuambie ni watu wangapi katika mia, kabla na baada.

Kuna jambo gumu zaidi ya tarakimu. Tufanyeje na shaka? Watafiti wengi wanaogopa kwamba wakikiri hawana uhakika umma utawadharau. Nina mifano miwili, na wa pili hauko upande wangu kikamilifu.

Tarehe 23 Machi 1989, wanakemia wawili, Stanley Pons na Martin Fleischmann, waliitisha waandishi wa habari katika Chuo Kikuu cha Utah. Walisema wameweza kuunganisha viini vya atomi kwenye joto la kawaida, juu ya meza ya maabara, kazi ambayo jua huifanya kwa joto la mamilioni ya nyuzi. Walitangaza kwa waandishi kabla wataalamu wenzao hawajapata makala ya kuisoma. Maabara kubwa zikakimbilia kurudia jaribio hilo kwa kudokoa maelezo magazetini, zikashindwa, na katika miezi michache imani ikaporomoka.

Septemba 2011, watafiti wa jaribio la fizikia liitwalo OPERA walipata matokeo ya ajabu pengine kuliko hayo. Chembe ziitwazo nyutrino, zilizotoka CERN, maabara kubwa ya fizikia karibu na Geneva, na kusafiri chini ya ardhi kilomita zipatazo 730 hadi maabara ya Gran Sasso nchini Italia, zilionekana kufika mapema kuliko mwanga, ambao fizikia husema hakuna kinachoupita, kwa sekunde 60 zilizogawanywa kwa bilioni. Hao hawakujigamba. Katika mhadhara uliorushwa moja kwa moja mtandaoni walisema: tumetafuta kosa letu, hatujaliona, tusaidieni kulitafuta. Mwaka uliofuata kosa likapatikana. Waya mmoja wa kupitisha mwanga haukuwa umechomekwa vizuri.

Ningependa kuwaambia kwamba walishangiliwa. La hasha. Viongozi wao wawili walijiuzulu mwaka huohuo baada ya wenzao kupiga kura juu yao. Uwazi una gharama, na anayewahimiza vijana wawe wazi bila kuwaambia hivyo anawadanganya. Hata hivyo mtu aliyefuatilia kisa chote mtandaoni aliona kitu adimu: sayansi ikijisahihisha mbele yake, hatua kwa hatua, bila mtu kuficha daftari.

Hapa niseme neno juu ya yale mashindano ya dakika 3, yaliyoanzia Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, mwaka 2008, ambapo mwanafunzi wa uzamivu hueleza tasnifu yake kwa slaidi moja. Ni zoezi zuri la kupunguza maneno. Ila kinachokatwa kwanza, dakika zikiwa 3, ni njia ya utafiti na mashaka yake. Wanafunzi wangu, shindaneni, mchukue zawadi, halafu msiuchukulie mtindo huo kuwa kielelezo cha mhadhara.

La mwisho ni la kiufundi, na sisikii likizungumzwa. Jarida la kitaaluma lina utaratibu wa kufuta makala. Ule utafiti wa 1998 uliokisia uhusiano kati ya chanjo ya surua na usonji, uliofanywa kwa watoto 12 tu, ulifutwa rasmi na jarida la Lancet mwaka 2010. Ilichukua miaka 12, muda mrefu wa kusikitisha, lakini leo anayeifungua makala ile anakuta imepigwa muhuri wa kufutwa. Je, kipindi cha podikasti kinafutwaje? Kiko palepale, sauti ya profesa bado ina uhakika uleule, na anayekisikiliza leo hajui kwamba mengi yamebadilika tangu kirekodiwe.

Tuanze na vitu vidogo. Mwanzo wa kila kipindi, mtangazaji atamke kwa sauti mwezi na mwaka wa kurekodi. Tarehe iliyoandikwa kwenye maelezo haimfikii anayesikiliza akiwa njiani. Matokeo yakipinduliwa, mtafiti mwenyewe arudi kwenye kipaza sauti, arekodi dakika 1 ya marekebisho, na dakika hiyo ibandikwe mbele ya kipindi cha zamani. Kuiweka kwenye kipindi kipya pekee hakutoshi, maana waliosikia cha zamani si lazima wasikie kipya. Na vyuo vinavyohesabu mihadhara ya umma katika kupandisha watu vyeo vihesabu na dakika hiyo ya marekebisho pia. Kwa sasa mtafiti anayerudi kujisahihisha hewani hapati alama yoyote.