Muulizeni Mpishi Anavyopika: Mhadhara kuhusu Mlo wa Masharti Safarini

Waheshimiwa wenyeji wetu, wanataaluma wenzangu, mabibi na mabwana,

Nimeombwa nizungumze juu ya namna ya kuushika mlo wa masharti mtu akiwa safarini, na walionisikia hapo awali wanajua kwamba nitaishia jikoni hata nikipewa mada ipi. Sitaeleza kwa kirefu siliaki, ule ugonjwa wa utumbo kudhurika kwa gluteni (protini iliyomo katika ngano, shayiri na nafaka iitwayo rai), wala mzio, yaani aleji, wala kisukari. Wengi wenu mnaishi na maradhi hayo au mnaishi na mwenye nayo, na hamkuacha shughuli zenu ili mje kusomewa kijitabu cha zahanati. Nina jambo moja la kuwaambia, nalo ni kwamba msafiri mwenye masharti ya chakula huponzwa na swali aliloliuliza mara nyingi kuliko anavyoponzwa na ugeni wa chakula chenyewe.

Kuna mama mmoja mwenye siliaki ambaye kisa chake nimekisimulia mara nyingi mno, hata mwenyewe ameniambia nisimwombe ruhusa tena. Aliingia mahali pa kula katika mji asioujua, akamwita mhudumu kwa adabu, akauliza kama viazi vya kukaanga vina ngano. Akajibiwa kwamba havina. Akauliza juu ya nyama ya kuchoma, nayo haina. Akauliza juu ya mchuzi, na mhudumu, ambaye alikuwa mtu mwangalifu, hakutaka kubahatisha bali alikwenda jikoni, akarudi na jibu kwamba mchuzi ni wa nyanya na vitunguu. Usiku ule mama yule hakulala, na siku zilizobaki za safari yake alizimalizia chumbani.

Mtafuteni mwongo katika kisa hiki, hamtampata. Viazi havikuwa na ngano, lakini vilikaangwa katika karai lile lile la mafuta lililotangulia kukaangia samaki waliopakwa unga. Nyama haikuwa na ngano, lakini ililazwa usiku kucha katika mchuzi wa soya, ambao kwa desturi ya watengenezaji wake huchachushwa kwa soya pamoja na ngano. Mchuzi ulikuwa kweli wa nyanya na vitunguu, ila ulikolezwa kwa kipande cha supu kavu ya kiwandani, kisha ukafanywa mzito kwa kijiko cha unga ambacho mpishi hakukitaja, kwa sababu machoni pake unga ule haukuwa chakula kilichomo ndani ya mchuzi. Ulikuwa ni namna ya kuupika. Yote haya yalijulikana kesho yake, pale mwenyeji wa mama huyo alipokwenda kumwomba mpishi amweleze, hatua kwa hatua, alivyofanya kazi yake. Mpishi alieleza bila kuficha lolote. Alishangaa tu kwamba hakuna aliyemuuliza mapema.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo, na naomba mnivumilie niing'ang'anie. Ukimuuliza mpishi kama chakula chake kina gluteni, umemtaka awe mtaalamu wa maradhi yako, jambo ambalo hakulisomea. Atakachofanya ni kutazama kile kinachoonekana sahanini na kukujibu kwa moyo safi. Ukimwomba akueleze anavyokipika, umemuuliza habari anayoijua kuliko mtu mwingine yeyote aliyemo ndani ya nyumba ile, na kazi ya kuitambua hatari inabaki kwako wewe mwenye mwili wako. Mwombe aanze mwanzo: kitu gani kinatangulia chunguni, kitu gani kinafuata, mchuzi unafanywa mzito kwa kitu gani, mafuta haya yalikaangia nini kabla ya hiki, ubao huu ulikatiwa nini, upawa huu unaingia katika vyungu vingapi. Maelezo ya dakika mbili ya namna hiyo yana faida kuliko majibu kumi ya ndiyo na hapana.

Najua kuna anayesema moyoni kwamba huu ni usumbufu, kwamba mgeni mwenye adabu hamhoji mpishi. Nimelisikia pingamizi hili tangu nilipoanza kazi, na kusema kweli limenichosha. Usumbufu ni kumhoji mpishi saa ambayo watu wote wana njaa na vyungu vyote viko motoni. Mpigie simu asubuhi, au pita kabla ya umati kufika. Wapishi wengi niliowahi kuzungumza nao hufurahi kuulizwa juu ya kazi yao na hawafurahi hata kidogo kusomewa orodha ya magonjwa. Halafu chagua chakula chenye hatua chache. Kinachopikwa kwa hatua tatu kinaweza kuulizwa kikaisha, lakini chenye hatua kumi na tano na michuzi miwili iliyotengenezwa jana na mtu ambaye leo hayupo kazini, hicho hata mpishi mwenyewe hakijui chote.

Wako pia wanaotembea na kadi iliyoandikwa kwa lugha ya mahali waendako. Siikatai kadi, naihimiza. Lakini kadi nyingi nilizoonyeshwa zinataja jina la ugonjwa kwa herufi kubwa, kisha zinasihi huruma. Kadi ifaayo hutaja mambo ya jikoni: unga wa kufanya mchuzi kuwa mzito, mafuta yaliyokaangia vyakula vya unga, mchuzi wa soya, supu ya kiwandani, sufuria na maji mapya. Na ifike mkononi mwa mpishi, isiishie mfukoni mwa mhudumu.

Pingamizi la pili ni lile la "kidogo tu, tena ni safari." Utumbo haujui kwamba uko safarini. Kipimo kilichowekwa na Tume ya Codex Alimentarius, iwekayo viwango vya chakula vya kimataifa, kwa chakula kinachouzwa kwa jina la chakula kisicho na gluteni ni kisichozidi miligramu 20 kwa kilo moja ya chakula, wakati kipande kimoja cha mkate wa kawaida kina gluteni inayopita gramu moja, yaani zaidi ya miligramu 1,000. Mwaka 2007 Carlo Catassi na wenzake nchini Italia walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba miligramu 50 za gluteni kwa siku, kwa muda wa miezi mitatu, zinatosha kuudhuru utumbo wa mwenye siliaki. Hesabuni wenyewe makombo yaliyobaki juu ya ubao wa kukatia mkate. Nami nawakumbusha kwamba ugonjwa huu hauna tiba nyingine inayotegemewa zaidi ya mlo wenyewe, tangu daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Dicke, aliyeshuhudia uhaba wa mkate wa mwaka wa mwisho wa Vita vya Pili vya Dunia, alipowasilisha tasnifu yake mwaka 1950 akionyesha kwamba watoto hupata nafuu ngano ikiondolewa. Mtu hamwambii mgonjwa wa shinikizo la damu aache vidonge nyumbani kwa kuwa anakwenda likizo. Sijui kwa nini anamwambia mwenye siliaki auache mlo wake.

Mtasema basi tule vya dukani, vilivyofungwa na kuandikwa. Vizuri, lakini lebo nayo ina utaifa. Katika Umoja wa Ulaya, Kanuni namba 1169 ya mwaka 2011 inataja vitu 14 vya kuleta mzio au madhara kama hayo vinavyolazimika kuonyeshwa, na tangu Desemba 2014 wajibu huo unavihusu hata vyakula visivyofungwa, vikiwemo vya mikahawani. Nchini Marekani vitu vinavyotajwa na sheria ni 9, baada ya ufuta kuongezwa kuanzia Januari 2023, na sheria hiyo inahusu chakula kilichofungwa, haiingii sahanini mwa mkahawa. Sasa sikilizeni mahali penye mtego. Orodha ya Ulaya inataja nafaka zenye gluteni zote, pamoja na shayiri na rai. Orodha ya Marekani inataja ngano peke yake. Msafiri aliyezoea lebo za Ulaya akiona Marekani kwamba tahadhari ya mzio haikutaja chochote, anaweza kudhani yuko salama, kumbe ndani mna kimea cha shayiri kilichoandikwa katikati ya orodha ya viungo kwa herufi zisizokolezwa. Mwenye mzio wa haradali au wa figili-mwitu ile inayoitwa seleri yuko katika hali hiyo hiyo, kwani vyote viwili vimo katika orodha ya Ulaya na havimo katika ile ya Marekani. Kwa hiyo hata lebo isomwe kama tunavyomsikiliza mpishi, kuanzia kiungo cha kwanza hadi cha mwisho.

Na maziwa yasiyo na laktosi bado ni maziwa. Laktosi ni sukari ya maziwa. Anayeugua mzio wa maziwa hudhurika kwa protini, na protini yote imo. Nalisema hili kwa haraka, lakini limewapeleka watu hospitali.

Nije kwenye ndege, ambayo ni jiko msiloweza kulifikia. Mashirika ya ndege hutumia vifupisho vya herufi nne kwa milo maalumu: GFML ni mlo usio na gluteni, DBML wa mwenye kisukari, VGML usio na kitu chochote cha mnyama, NLML wenye laktosi kidogo, na kwa maelezo ya hivi punde mnaelewa kwamba huo wa mwisho haumfai mwenye mzio wa maziwa. Mashirika mengi hutaka mlo uagizwe walau saa 24 kabla ya kuondoka, na baadhi ya milo huhitaji muda mrefu zaidi. Agizeni, kisha safirini kana kwamba hamkuagiza. Mlo ule umefungamana na jina lako katika safari ile moja. Ndege ikiahirishwa ukahamishiwa nyingine, wewe utapanda, chakula chako mara nyingi hakitapanda. Uwe na mlo mmoja kamili katika mzigo wa mkononi, mlo wa kushibisha, maana vitafunio vya kudanganyia njaa ndivyo vinavyomfikisha mtu saa nne usiku mbele ya sahani ambayo hana tena nguvu ya kuihoji.

Kiwe chakula kikavu. Vimiminika na vitu vya kupaka vinavyozidi mililita 100 bado huzuiwa katika viwanja vingi, ingawa vyakula vya watoto wachanga na vya kitabibu huruhusiwa kwa kawaida, hasa ukiwa na barua ya daktari. Kile kisicholiwa njiani kitazamwe kabla ya kushuka: Umoja wa Ulaya hauruhusu msafiri atokaye nje kuingiza nyama wala maziwa katika mizigo yake, isipokuwa katika nafasi chache kama chakula maalumu cha kitabibu kisichozidi kilo mbili, kisichohitaji jokofu na ambacho hakijafunguliwa, Australia na New Zealand zinataka chakula kitangazwe forodhani, na tamko la kweli halina faini.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilikusudia kuzungumza kwa utulivu na wenye kisukari, na sasa nitawapa mambo matatu bila mapambo. Insulini isiwekwe katika mizigo ya chini ya ndege, kwa sababu inaweza kuganda, na iliyoganda haifai kutumika hata ikiyeyuka. Safari ya kwenda mashariki huifupisha siku na ya kwenda magharibi huirefusha, basi ratiba ya sindano ipangwe na daktari kabla ya tiketi kukatwa, isipangwe angani. Na msidunge insulini ya wakati wa kula kwa kuona tu toroli la chakula limetokea mwanzo wa njia. Subirini sahani iwe mbele yenu, kwani ndege ikianza kutikisika toroli hurudishwa, na insulini ikishaingia mwilini hairudishwi. Sukari ya damu ikishuka chini ya miligramu 70 kwa desilita, chukueni gramu 15 za sukari inayofyonzwa haraka, pimeni tena baada ya dakika 15, na sukari hiyo iwe mfukoni, isiwe katika kabati la juu ambalo taa ya mikanda ikiwaka hamruhusiwi kulifungua.

Wenye maradhi ya figo nilikuwa nimewaandalia sehemu nzima juu ya potasiamu na chumvi, nayo imeliwa na karai la viazi. Nitakuwa pale mlangoni. Njooni na majina ya vyakula mnavyokusudia kula huko muendako, na tafadhali mje mkiwa mmeshauliza namna vinavyopikwa.