Kutoka Bonde la Mosel: Salamu kwa Wakulima wa Zabibu wa Dodoma

Mbukwenyi, ndugu zangu wa Dodoma, nanyi nyote mnaonitazama kutoka Manyoni, Singida na Kondoa. Likizo yangu hapa Ujerumani imefika ukingoni na kesho ninarejea Uingereza kazini, kwa hiyo leo nimeacha maduka na majumba ya makumbusho ya mjini, nikaja kutembea taratibu katika bonde la mto Mosel, ambako wanalima zao tulilokua nalo sisi wenyewe.

Asubuhi nilipanda treni pale Cochem. Ikishatoka stesheni inazama ndani ya mlima, katika handaki la mita 4,205 lililofunguliwa mwaka 1879, na inapoibuka upande wa pili unakuwa umefika Ediger-Eller. Kutoka hapo nimekuja kwa miguu hadi kijiji cha Bremm, mto ukiwa upande mmoja na mizabibu upande wa pili.

Mlima huu mnaouona nyuma yangu unaitwa Calmont, na ni miongoni mwa mashamba ya mizabibu yenye mteremko mkali kuliko yote duniani. Trekta haliwezi kupanda hapa. Wavunaji na mizigo yao hupandishwa kwa kigari kinachotambaa juu ya reli moja yenye meno, na zabibu zinachumwa kwa mkono, kichala kwa kichala. Ngoja nisogeze kamera. Sisi tumezoea kuitambaza mizabibu kwenye nyaya, lakini hapa kila shina lina mti wake wa kuegemea, na matawi yake mawili yamekunjwa kuelekea chini yakafungwa, moja kulia na jingine kushoto, hata yakafanya umbo la moyo. Chini hakuna udongo wa kutosha kujaza kiganja, ni vipande vyembamba vya mawe meusi tu. Nimeliokota moja na bado lina moto wa jua la mchana. Mawe haya hulihifadhi joto hilo na kulitoa usiku, jambo ambalo katika nchi ya baridi kama hii ndilo linaloiwezesha zabibu aina ya Riesling kuiva.

Pamoja na jasho lote hilo, wanavuna mara moja tu kwa mwaka, kwa kuwa wakati wa baridi mizabibu hupukutisha majani na kulala. Kwetu hakuna baridi ya kuilaza, ndiyo maana mkulima wa Hombolo au Mpunguzi, akipogoa kwa wakati na kumwagilia, anavuna mara mbili. Nilikuwa nalijua jambo hili, ila leo nimelitazama kwa uzito mwingine kabisa.

Na sasa nifike kwenye lile lililonifanya niwashe kamera. Sheria za hapa zinamruhusu mkulima wa zabibu kufungua ua wa nyumba yake kwa miezi isiyozidi minne kwa mwaka, akaweka viti visivyozidi 40, akauza mvinyo aliousindika mwenyewe pamoja na chakula chepesi, bila kuhitaji leseni ya mgahawa. Huiita Straußwirtschaft. Mimi nimekaa katika ua wa namna hiyo mchana kutwa, nikila mkate wa vitunguu uliookwa, huku wageni wakinywa mvinyo mchanga wa msimu huu, ambao bado unachacha na una weupe wa togwa. Chupa yake haifungwi ikakaza, maana gesi ingeipasua. Mama mwenye nyumba ameniambia kwamba zabibu zao zote huishia katika chupa zenye jina la familia, na hakuna kilo hata moja wanayoipeleka kwa msindikaji mwingine.

Nilimfikiria mjomba wangu, ambaye zabibu zikishaiva hukaa akiomba gari la mnunuzi lifike kabla hazijaoza, na bei hupangiwa na huyo anayekuja. Wapo wenzetu wanaosindika wao wenyewe mchuzi wa zabibu, yaani maji ya zabibu yaliyokamuliwa ya kutengenezea mvinyo, na ninatamani sana wawe wengi, wapate pia ruhusa nyepesi ya kumkaribisha mgeni barazani. Dodoma ya leo ina watumishi, wanafunzi na wageni wa serikali ambao Jumamosi wangefika Hombolo kwa furaha, wakaketi kando ya bwawa.

Mjomba, ukiiona video hii kabla hujaanza kupogoa, nipigie jioni. Nimepiga picha za pipa lao na mashine ya kukamulia, na vipimo vyake nimeviandika vyote.