Mji Mmoja, Mabwana Wawili
Mhadhara uliotolewa Tanga

Wazee wetu, walimu wenzangu, na nyinyi vijana mliokaa karibu na mlango ili mpate kutoka mapema, assalaam alaykum na habari za mchana. Nimeombwa nizungumzie jinsi mipaka ya dola ilivyohama na kukutana katika mwambao wetu, lakini kabla sijafika mwambaoni sina budi kuuondoa mlima mmoja njiani.

Kila mwaka nikisahihisha mitihani humkuta Malkia Victoria akimzawadia mjukuu wake Wilhelm wa Ujerumani Mlima Kilimanjaro, eti kwa kuwa bibi alikuwa na milima miwili yenye theluji na mjukuu hakuwa na hata mmoja. Nimeikata hadithi hii kwa wino mwekundu hata kalamu zimenikaukia, na mwaka unaofuata inarudi ikiwa na afya njema kuliko mimi. Uingereza na Ujerumani zilipatana juu ya mpaka huo kati ya mwisho wa Oktoba na mwanzo wa Novemba 1886, na wakati huo mjukuu hakuwa na kiti cha ufalme. Kiti kilikuwa cha babu yake, na yeye alikikalia mwaka 1888. Maneno ya mapatano ni makavu, hayana harufu ya zawadi. Yanasema mstari uanzie kwenye mlango wa Mto Umba, uende moja kwa moja hadi Ziwa Jipe, uambae ziwa hilo kwa mashariki na kuzunguka kaskazini yake, uvuke Mto Lumi, upite katikati ya Taveta na Uchaga, uzunguke mlima chini yake upande wa kaskazini, kisha unyooke hadi Ziwa Victoria penye latitudo ya 1 kusini. Sasa jiulizeni kwa nini upite hasa kati ya Taveta na Uchaga. Mwaka 1884 Mwingereza Harry Johnston alikuwa amejipatia hati Taveta, na mwaka 1885 Jühlke, mtu wa Mjerumani Carl Peters, akajipatia ya kwake kwa Mangi Rindi wa Moshi. Karatasi zilikuwa mbili, na mstari ukapenya katikati yake.

Najua yupo atakayeniambia, mwalimu, iache hadithi, watoto wanaipenda. Siiachi, kwa sababu anayeamini kwamba mpaka ni mchezo wa bibi na mjukuu hataona haja ya kuuliza nani alikuwa ameshika nini hapa kwetu kabla ya karatasi hizo kuja, na hilo ndilo swali lililonileta.

Basi turudi Tanga. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 Kimweri ye Nyumbai wa ukoo wa Kilindi alitawala Usambara akiwa Vuga, na mkono wake ulishuka hadi baharini. Wakuu wa miji ya mwambao huu, Tanga ikiwemo, walipewa kilemba, yaani alama ya ukuu wao, kwa idhini yake, na hao hao walitambuliwa na Seyyid Said wa Unguja, ambaye kwa upande wake alishika forodha ya bandarini na kuweka askari wa Kibulushi katika ngome ya Tongwe, juu ya Pangani. Mkuu wa mji alipeleka nguo na bidhaa mlimani, na ushuru wa pembe ukaelekea Unguja. Ukimuuliza mtu wa zama hizo mpaka wa Usambara na Unguja uko wapi, asingekuonyesha kijito wala jiwe. Angekueleza nani anampa nani nini, na kwa lipi. Dola mbili zilikutana ndani ya mji mmoja, pengine ndani ya baraza moja, na mji ukaishi. Msinielewe kwamba nasifu enzi hizo, maana misafara iliyopita katika njia hizo ilibeba pembe na ilileta watumwa pia, na Kimweri alipofariki mwaka 1862 wanawe waligombana kwa mtutu. Nasema tu kwamba mamlaka yaliweza kupandana kama vigae.

Kisha zikaja maili kumi. Uingereza, Ufaransa na Ujerumani zilituma wajumbe, Kitchener, Patrimonio na Schmidt, wapite mwambaoni kuchunguza Seyyid Barghash, Sultani wa Unguja wa wakati huo, anamiliki nini. Barghash alidai bara hadi kwenye maziwa, na kweli alikuwa na liwali wake hadi Tabora. Wajumbe wakaandika lile tu ambalo wote watatu walikubaliana, na mwaka 1886 Barghash akajikuta na ukanda wa maili 10 za baharini, yaani kama kilomita 18 na nusu, kutoka Ghuba ya Tunghi kusini hadi Kipini kaskazini. Kwa hesabu hiyo Pongwe ni ya Sultani na Muheza si yake! Nao ukanda ulipimwa kuanzia maji yanapojaa. Nyinyi ni watu wa pwani, mnajua bamvua linavyoingia kwenye mikoko yetu. Mtu aliyeamua kuipima dola kutoka hapo hakuwa ameulizia kwa mvuvi.

Mwaka 1888, baada ya Barghash kufariki, Seyyid Khalifa aliyemrithi aliikodisha sehemu yetu ya ukanda kwa kampuni ya Wajerumani. Mwezi wa Agosti Zelewski, mtu wa kampuni hiyo, akafika Pangani kutwaa mji, bendera ya kampuni ikapandishwa, na vita vya Abushiri bin Salim vikaanza, Bwana Heri naye akasimama Saadani. Watu huviita vita vya ushuru, na ushuru ulikuwemo. Kwangu mimi lililowatibua Wapangani ni bwana asiyekubali kuwa na mwenzake. Abushiri alinyongwa Pangani mnamo Desemba 1889. Mwaka uliofuata Ujerumani ikaununua ukanda moja kwa moja kwa marki milioni 4, fedha ambazo mkuu yeyote wa miji hii hakuziona.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa, kwa hiyo yaliyobaki nayapitia mbio. Ukanda wa kaskazini ya Umba haukuuzwa. Uingereza iliukodi mwaka 1895, na bendera ya Sultani ikaendelea kupepea Mombasa hadi mapatano ya Oktoba 1963 yalipoutia ndani ya Kenya. Wadigo na Wasegeju wakabaki pande zote mbili, na wanaovuka Horohoro kwenda arusini wanalijua hilo bila mhadhara wangu. Baada ya vita vya 1914 Waingereza walishika pande zote mbili za mstari na bado hawakuufuta. Mwaka 1964, mjini Cairo, Mwalimu Nyerere alikuwa mstari wa mbele kuzihimiza nchi za Afrika ziiheshimu mipaka zilizoikuta, na nilikuwa na mengi ya kusema juu ya hilo. Habari za mipaka ya Pembetatu ya Kionga, kule kwenye mlango wa Mto Ruvuma, na ya Ziwa Nyasa zimo katika kurasa hizi nne ninazozikunja, kwa kuwa adhana ya alasiri imeshaanza na wale wa karibu na mlango wamekwisha kutoka.