Fathingi za Shaba za Uingereza, 1613 hadi 1672

Mabibi na mabwana, tuanze na hesabu. Pauni ya Uingereza ilikuwa shilingi 20, shilingi peni 12, peni fathingi 4: jumla fathingi 960. Fathingi ya fedha iliacha kufuliwa tangu enzi za Mfalme Edward VI, maana kipande cha fedha cha thamani hiyo kilikuwa kidogo mno hata kushikika. Mnunuzi wa mkate akakosa chenji.

Mwaka 1613 Mfalme James I alimpa Lord Harington, mlezi wa binti yake Elizabeth, hati ya kufua tokeni za shaba, kila moja ya thamani ya fathingi. Ile ya kwanza ilikuwa na uzito wa greni 6, kama gramu 0.39. Ratili ya shaba ina greni 7,000, kwa hiyo inatoa tokeni 1,166, ambazo ni shilingi 24 na ushei. Shaba yenyewe haikukaribia bei hiyo. Shikeni pengo hilo, ndilo lililoziua.

Utepe wa shaba ulipitishwa kati ya silinda mbili zilizochongwa: upande mmoja taji na fimbo mbili za kifalme zilizopishana, upande wa pili kinubi. Kisha vipande vikakatwa kimoja kimoja. Kikataji kikihama kidogo, herufi huliwa ukingoni. Msidhani ni uchakavu. Za mwanzo zilipakwa bati ili zisiigike, lakini ngozi nyembamba namna hiyo haidumu. Chini yake imebaki shaba tupu, na aliyeweza kuchonga muhuri aliweza kughushi.

Dawa ilikuja 1636, chini ya Lord Maltravers, mwenye hati wakati huo: fathingi ya waridi, yenye mchoro wa ua hilo, ndogo na nene zaidi, iliyopachikwa kijipande cha shaba ya manjano ndani ya shaba nyekundu. Tazameni doa la njano. Huu ndio ubunifu ninaouheshimu kuliko wote katika habari hii, kwa sababu haukutegemea mchoro: mghushi alilazimika kuwa na metali mbili na kuzipachika kipande kwa kipande, kwa faida ya robo peni.

Ulichelewa. Imani ilikuwa imekwisha, na mwaka 1644 Bunge likazikomesha. Kuanzia 1648 wenye maduka walitoa tokeni zao wenyewe, hadi Charles II alipotoa fathingi rasmi ya shaba mwaka 1672. Hiyo ilizidi gramu 5, zaidi ya mara kumi ya ile ya kwanza ya Harington.