MOT Imeisha, Bima Je?

Asalaam alaykum, na habari za jioni ndugu zangu. Nashukuru kwa kunialika. Mimi ni fundi, kazi yangu kukagua magari hapa Uingereza, ule ukaguzi wa usalama wa kila mwaka unaoitwa MOT, na haipiti wiki bila mtu wa kwetu kuniuliza: "Kaka, MOT imeisha na sikujua. Bima yangu imekufa?"

Haijafa. Naanza na hilo kwa sababu nimeona watu wakiacha haki yao mezani kwa kuamini imekufa.

Mliokuwa na gari Dar mnakumbuka stika ya Nenda kwa Usalama: askari anakagua, anabandika kiooni. Hapa ukaguzi wa MOT ulianza mwaka 1960. Kwa England, Scotland na Wales, gari la kawaida likifikisha miaka 3 linakaguliwa kila mwaka. Cheti kikiisha, kuliendesha ni kosa, na faini inaweza kufika pauni 1,000. Unaruhusiwa kulipeleka kwenye ukaguzi uliokwisha kuweka miadi, lakini hata safari hiyo huendi bila bima. Mnaona hapo? Sheria yenyewe inajua kwamba gari lisilo na MOT huwa na bima. Tena tangu 2011, gari ambalo hujaiarifu DVLA, mamlaka inayosajili magari, kwamba umelitoa barabarani lazima liwe na bima hata kama limelala mlangoni miezi mitatu. Kwa hiyo asiwepo wa kukwambia usikate bima mpaka upate cheti. Ila kampuni ikikuuliza kuhusu MOT wakati unakata, sema kweli. Uongo ndio unaoiua bima.

Mama mmoja alikuja gereji na barua mkononi, imekunjwa mara nne. Gari lake liliibwa usiku nje ya nyumba, na MOT ilikuwa imeisha siku 19 kabla. Kampuni ikamwandikia kwamba hawalipi, hakuwa na cheti. Alikuwa ameshakubali. Alichotaka kwangu ni nimtafutie gari la bei nafuu. Nikamwuliza: "Mama, mwizi aliangalia MOT kabla ya kuvunja kitasa?"

Swali hilo ndilo sheria inalouliza. Sheria ya Bima ya 2015, kifungu cha 11, inasema kampuni haiwezi kujificha nyuma ya sharti ulilolivunja kama kulivunja kwako hakungeweza kuongeza hatari ya hasara iliyotokea. Breki mbovu haimwiti mwizi. Tuliandika malalamiko, ukurasa mmoja, na wakalipa. Walipunguza kiasi, kwa hoja kwamba gari lisilo na MOT sokoni bei yake ni ndogo. Hoja hiyo ina msingi, sikubishana nayo. Lakini kupunguza ni jambo moja, na kunyima ni jambo jingine kabisa.

Wakikataa hata baada ya malalamiko, nendeni Financial Ombudsman Service, wasuluhishi wa malalamiko dhidi ya kampuni za bima na za fedha. Hulipi hata senti. Mkishapata barua ya uamuzi wa mwisho wa kampuni mna miezi 6, isizidi. Msiiweke kabatini.

Sasa tuseme wewe ndiye uliyemgonga mtu. Sheria ya Barabara ya 1988, kifungu cha 148, hairuhusu kampuni kumkatalia aliyeumia kwa sababu ya hali ya gari lako. Aliyeumia atalipwa. Ila kifungu hichohicho kinaipa kampuni haki ya kugeuka na kukudai wewe ilichomlipa. Hapo watu wengi hawajasoma.

Na hapa ndipo roho yangu ilipo. Bima kubwa au bima ndogo, kinachowaangusha watu si tarehe ya karatasi, ni gari lenyewe. Nimepokea gari lenye cheti cha miezi mitano tu, tairi la nyuma kipara upande wa ndani, nyuzi za chuma zinaonekana. Mwenyewe alikuwa anabeba watoto wanne kwenda madrasa. Cheti kinasema gari lilikuwa zima siku ile ya ukaguzi, hakisemi lolote kuhusu leo. Ukipata ajali kwa tairi kama lile, kampuni ikikunyima fidia ya gari lako itakuwa na sababu ya kweli, na cheti chako hakitakuokoa.

Tazameni hii. Ni sarafu ya pensi 20. Ichomekeni kwenye mfereji wa kashata ya tairi. Ule ukingo wa nje wa sarafu ukimezwa, mko salama. Ukionekana, huenda kashata iko chini ya milimita 1.6, na hapo ni kinyume cha sheria. Pimeni sehemu tatu, na upande wa ndani msiuache; tairi za mbele, piga usukani kona mpaka uone.

Nimekuja na sarafu za kutosha, na nje bado kuna mwanga. Twendeni kwenye magari, tuanze na lile la mwalimu lililo karibu na geti. Maswali mengine tutaulizana hukohuko.