Kwa kaunsela wanakufanya nini? Leo najibu

Haya wapendwa, karibuni. Leo sizunguki mjini na kamera, nimekaa hapa ndani tu, maana swali ni lile lile kila nikifungua komenti: "Dada, kwa kaunsela wanakufanya nini hasa?" Na chini yake wapo wengine: "Ameanza mambo ya wenye hela." "Maisha ya huko ughaibuni yamemshinda." Jamani, sijaja kujionyesha, wala sijaja kulalamika. Nimeulizwa, najibu: kaunsela ni mshauri nasaha, mtu unayemweleza yanayokulemea moyoni.

Usitegemee kutoka siku ya kwanza umepona. Siku ya kwanza ni makaratasi. Kuna sehemu wanataka jina la mtu wa kupigiwa simu ukipatwa na dharura. Kalamu ikasimama pale pale. Wote waliokuja kichwani mwangu wako mbali, ni mpaka wapande ndege. Mwisho nikaandika mtu ninayefanya naye kazi, ambaye hata jina lake la pili ilibidi nilitafute kwenye simu. Nililia hapo mapokezi, kaunsela hata sijamwona.

Halafu hela. Hapa ndipo nilipoumia. Bima nyingi za huku hazilipi mpaka kaunsela aandike jina la tatizo lako, na likishaandikwa linabaki kwenye faili. Hakuna aliyenieleza. Baadaye ikaja bili, kumbe kaunsela wangu hakuwa kwenye orodha ya bima yangu. Nikapiga simu, huyu ananirusha kwa yule, yule anasema nirudi kwa huyu. Kwa hiyo uliza kabla hujasaini: kikao ni kiasi gani, bima inalipa vikao vingapi, nikighairi natozwa? Wengi wanataka taarifa saa 24 kabla, la sivyo unalipa kama vile ulikuwepo.

Wengi watakupa karatasi ya maswali 9, inaitwa PHQ-9, ya kupima dalili za sonona, ile huzuni nzito isiyoisha. Inauliza habari za wiki 2 zilizopita: usingizi, hamu ya kula, kujiona hufai. Kila swali unajibu 0 hadi 3. La mwisho linauliza kama umewaza kwamba heri ufe, au kujidhuru. Lijibu kweli. Kusema ndiyo hakumaanishi unafungiwa hospitali hapo hapo. Kwanza wanakuuliza zaidi, wajue uko salama kiasi gani.

Na lugha, jamani. Mimi nilimwambia "nina mawazo", nikaitafsiri neno kwa neno kwa lugha yake. Sisi tukisema hivyo tunajua ni dhiki, ni mzigo wa moyoni. Yeye akainama mbele, akaniuliza taratibu: mawazo ya kujiua? Ilibidi nianze upya. Kama lugha inakukwamisha, omba mkalimani, naye anafungwa na siri. Usimbebe ndugu yako akutafsirie, kuna mambo hutayasema mbele yake.

Siri je? Ndugu yangu mmoja alinisema ukoo mzima usikie, eti napeleka ya nyumbani kwa watu baki. Iliniuma, bado inaniuma. Kaunsela hatakiwi kuyatoa, isipokuwa maisha yako au ya mwingine yako hatarini, mtoto anadhuriwa, au mahakama imeamuru. Mwambie akueleze mipaka hiyo mwanzoni.

Kikao chenyewe ni kama dakika 45 hadi 50. Hakupi amri, anakuuliza. Mimi vikao vya kwanza nilitoka nimechoka kuliko nilivyoingia, kama mtu aliyekifungua kidonda kilichofunikwa siku nyingi. Kwangu kilianza kutulia baada ya mwezi hivi. Kwako huenda ikawa tofauti kabisa, siwezi kukupimia. Na kama hamuelewani, mwambie, au badilisha. Si utovu wa adabu.

Na wewe uliyeniandikia usiku wa manane kisha ukaufuta ujumbe, niliusoma kabla hujaufuta. Kama ni la usiku huu huu, usinisubiri mimi, piga namba ya dharura ya hapo ulipo. Halafu niandikie tena.