Zima Data Kwanza: Mazungumzo Kuhusu Programu za Vitabu vya Kusikiliza, Kigoma

Wazee wangu mliokaa mbele, shikamooni. Vijana wa nyuma, mambo vipi.

Najua wengi mnangoja nitaje programu moja, mkaipakue, tumalizane. Sitaji. Inayomfaa mtu wa Dar mwenye waifai nyumbani itamtesa abiria wa treni ya Tabora akishapita Uvinza, pale simu inapobaki ya kuangalia saa tu.

Kwa hiyo kabla hujalipa hata shilingi, shusha sura moja, zima data, kisha bonyeza usikilize. Ikisoma, haya, tuendelee kuongea. Ikizungusha kiduara, ifute.

Tuje kwenye bando. Mradi wa LibriVox, wa vitabu vya kusikiliza vya bure, ulianza mwaka 2005. Watu wanajitolea kusoma vitabu ambavyo hakimiliki yake imekwisha. Faili zao za MP3 za kilobiti 64 kwa sekunde zinakula kama MB 29 kwa saa, kwa hiyo kitabu cha saa kumi hakifiki MB 300. Na ukishaishusha ni yako. Itie kwenye memori kadi, ichomeke kwenye kitochi cha babu kinachopiga muziki, atasikiliza huko Kakonko bila kuuliza intaneti ni nini. Ila wasomaji wanapokezana: sura ya kwanza unasomewa na mama mwenye sauti tamu, ya pili na bwana anayesoma kama hukumu ya mahakama. Vumilia, ni bure.

Audible ya Amazon ina wasomaji wa kazi hiyo hasa, na sauti safi. Lakini faili zake zimefungwa, kitochi hakizijui. Unalipa kwa mwezi, unapewa krediti ya kuchukulia kitabu. Ukijitoa, vitabu ulivyochukua kwa krediti vinabaki. Krediti ambayo hujaitumia inapotea. Itumie kwanza, ndipo ujitoe. Na ule muda wa majaribio ya bure, uandike kwenye kalenda, maana ukiisha wanakata kwenye kadi bila kubisha hodi.

Libby, programu ya kuazima vitabu vya maktaba kwa simu, ni ya bure, ila inataka kadi ya maktaba iliyojiunga na mfumo wao. Huna kadi, huna kitabu.

Lugha sasa, na hapa ndipo pananiuma. Hivyo vitabu ni vya Kiingereza kwa wingi. Cha Kiswahili utakitafuta kwa tochi. Anayetaka Biblia ya sauti kwa Kiswahili, Bible.is inayo, bure, na inashuka kwenye simu. Ila kwa mwanafunzi wa kidato cha pili anayehangaika na Kiingereza, wingi huo ni faida. Maandishi ya vitabu vingi vya LibriVox yako Project Gutenberg, maktaba ya mtandaoni, bure vilevile. Apunguze kasi ya sauti hadi 0.75, afuatilie kwa kidole mstari kwa mstari, na neno gumu alisikie linavyotamkwa.

Maswali sasa. Mama wa pale dirishani, anza wewe.